Vidole vya Bi Mvuke

Wenzake walimwita Bi Mvuke kwa sababu kila jioni alipotoka karakana ya hariri, mvuke ulimfuata mpaka mlangoni kwake kama paka mwenye njaa. Miaka thelathini na minne alikuwa ameketi mbele ya sufuria ya maji ya moto akitafuta ncha za nyuzi. Alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ulichoka kukaa naye.

Hakuzaliwa sufuriani, lakini. Usichanani alichuma majani ya mforosadi, gunia baada ya gunia, maana kiwavi wa hariri hali kingine. Umpe kabichi, atakugeuzia mgongo. Baadaye akapelekwa chumba cha kuwalisha. Viwavi hao hutoka kwenye vijiyai kama mbegu za mchicha, wakala usiku na mchana mwezi mzima, wakajivua ngozi mara nne kama watu wasioridhika na nguo. Kishindo cha kutafuna kwao kilikuwa kikubwa hata majirani wakawa wanaanua nguo kila asubuhi wakidhani mvua hiyo. Mzee mmoja aliezeka nyumba upya, bure. Usiposadiki, shauri yako.

Kiwavi akishashiba huinua kichwa na kujizungushia uzi, siku tatu hapumziki, mpaka anajifungia ndani ya kifukofuko cheupe. Akiachwa ataota mabawa, atoboe kifuko atoke, na ule uzi mmoja mrefu utakuwa vipande elfu. Kwa hiyo anawahiwa na kufukizwa kwa mvuke humo humo.

"Kajijengea nyumba, tukamzika ndani," Bi Mvuke alizoea kusema. "Sasa tunamwibia kuta."

Aliolewa na mfumaji wa karakana ile ile, mtu mpole ambaye mikono yake ilifuma hata akiwa usingizini. Mkewe aliamka akakuta shuka limeongezeka pima mbili. Huyo ndiye aliyemfundisha kuuheshimu uzi. Ukitoka kwenye gurudumu la kuvutia nyuzi, uzi husokotwa, ukachemshwa kwa sabuni mpaka gundi ya kiwavi itoke na mng'ao uje, ukatiwa rangi, ndipo ukatandikwa kwenye mtambo wa kufumia. Mahali ulipokonda ndipo utakapokatika, na kitambaa kitabaki na kovu. Mume akikuta kovu hakugombana na mtu. Aliacha kula tu.

Alipofariki alimwachia mkewe vitu viwili, koti na dada yake. Koti liliisha. Dada hakuisha.

Wifi huyo alikaa sufuria ya pili, bega kwa bega na Bi Mvuke.

"Wifi, leo umechelewa. Kitanda kilikung'ang'ania?" dada huyo aliuliza.

"Afadhali mimi ning'ang'aniwe na kitanda. Wewe hata mto wako umekuhama."

Kazi yao ilikuwa hivi. Vifuko huloweshwa maji ya moto gundi ilegee, kisha mtu anapapasa kwa ncha za vidole mpaka aipate ncha ya uzi, nyembamba kuliko unywele wa kichanga. Uzi wa kifuko kimoja hauna nguvu, kwa hiyo vifuko saba huvutwa pamoja, nyuzi zao zikapanda gurudumuni zimeshikana kuwa uzi mmoja. Kimoja kikiisha, jicho lazima lione pale pale, kingine kitiwe. Vidole vitafute, macho yalinde.

Mwaka huo vidole vya Bi Mvuke vilikufa ganzi. Maji ya miaka yote hiyo yalikuwa yameviivisha. Aliokota kaa la moto sakafuni akalirudisha jikoni huku akiuliza nani kaangusha kijiwe. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliyeshindwa na sufuria alirudishwa nyumbani, na kwake kulikuwa na chumba kimoja chenye kimya cha kutosha watu sita. Kazi ilimchosha, ndiyo. Kile chumba kilimtisha.

Wifi ndiye aliyegundua. Hakulisikia gurudumu la Bi Mvuke likizunguka asubuhi nzima, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutoa neno. Alitia mkono kwenye sufuria ya mwenzake, akaitoa ncha. Naye alikuwa na siri yake, macho yalishaingia ukungu, vifuko vikiisha havioni. Tangu siku hiyo Bi Mvuke akawa anamlindia, na kila kifuko cha wifi kilipoisha alimpiga teke moja chini ya benchi.

"Wewe macho, mimi vidole," wifi alinong'ona. "Tukipata na meno, tutakuwa mtu mzima."

"Teke hilo lilikuwa la kifuko. Hili ni lako."

Walikwenda hivyo miezi mitano, mpaka alipokuja msimamizi mpya, kijana wa adabu na daftari.

"Mama zangu, mnaongea mno," alisema. "Mama mmoja ahamie sufuria ya mwisho kule."

Wifi akahama. Bi Mvuke akabaki na maji yake. Alipapasa. Akapapasa tena. Ilikuwa kama kutafuta sindano umevaa soksi mikononi. Gurudumu lake lilisimama, na msimamizi alikuwa anapita benchi kwa benchi, anakuja. Akaokota kifuko kinachotoa mvuke, akakisogeza mdomoni. Mdomo wa chini uliungua, lakini uliipata ncha. Akaokota cha pili. Cha tatu. Machozi yanamtoka, na bado vinne.

Akainua macho apumue, akaona sufuria ya mwisho. Uzi wa wifi ulikuwa unapanda kwa vifuko vitano. Vinne. Wifi anavuta tu, uso mkavu, haoni. Na msimamizi alikuwa amebakiza hatua tatu tu kumfikia Bi Mvuke.

Angenyamaza akainamia sufuria yake, huenda kijana angempita bila kuona kitu.

"Wifi, simamisha!" alipiga kelele. "Vitatu vimeisha!"

Karakana nzima iligeuka. Msimamizi alikwenda kule mwisho, akahesabu, akarudi.

"Umeona kutoka hapa?"

"Nimeona."

"Na gurudumu lako mbona halizunguki? Na huo mdomo?"

Wifi alikuwa ameshainuka, anakuja akipapasa mabenchi.

"Vidole vyake vimekufa, mwanangu, na macho yangu yamekufa. Sasa umejua. Tufukuze wote wawili, ila usimfukuze mmoja. Huyo peke yake hafai, na mimi peke yangu ndiyo hayo umeyaona."

Kijana aliuchukua uzi wao wa jana, akaupitisha taratibu kati ya vidole vyake, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Haukukonda popote.

"Sufuria moja," alisema hatimaye. "Mkae wawili. Nyingine nampa mtu mwingine."

Akaandika, akaenda zake. Bi Mvuke alitamani kufurahi, lakini mdomo ulikuwa umevimba na mgongo unauma. Wifi akajibana kwenye benchi.

"Makapu mangapi ya vifuko yamebaki?" aliuliza.

"Tisa."

"Mama yangu wee. Haya, sogea basi, umekalia pote."