Mlinzi wa Moto Asiyeuona Moshi

Saa saba mchana, jua la Septemba limekaa utosini na mawe ya kilima cha Igalamya hayakanyagiki kwa mguu mtupu. Maganga Shija ameketi kwenye kivuli cha jiwe, uso kaugeuzia upepo, debe tupu liko mapajani. Nyuma yake amesimama mkewe, Generosa, kiganja juu ya nyusi.

"Moshi," anasema Generosa.

Maganga hainuki. "Upande gani?"

"Ng'ambo ya mto, kushoto kwa ule mkuyu."

"Umesimama au umelala?"

"Umesimama. Mwembamba."

"Rangi yake?"

"Mweupe. Unatoka, unakatika, unatoka tena."

Maganga anavuta hewa puani taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Huyo anachoma miti ya pamba," anasema. "Karundika, anatia kidogo kidogo. Ana akili. Mwache."

Baada ya muda mfupi moshi unakwisha wenyewe. Generosa anaketi, anafunua kawa, na wanakula ugali wa mtama kwa mlenda huku yeye akitupa jicho bondeni kila baada ya tonge mbili.

Maganga, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ndiye mlinzi wa moto wa Baraza la Mwabulima, gunguli au eneo la mkuu mmoja, mwanangwa, lililo mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Shinyanga mjini. Analipwa shilingi thelathini na tano kwa mwezi, kuanzia Juni nyasi zinapokauka hadi mvua zinapoanza. Akigundua moshi usio wa kawaida, hupiga mwano, ule ukelele mrefu wa Wasukuma ambao mtu akiusikia huacha hata chakula mkononi. Kisha hugonga debe.

Debe lina sababu. Tangu enzi za mababu mwano ulikuwa wa wezi wa ng'ombe, na wanaume huuitikia kwa pinde na mikuki. Mwaka 1950 moto ulipozuka hapa, mtu mmoja alipiga mwano, na wanaume wote wa Mwabulima wakatoka mbio na silaha kwenda kuziba njia za ng'ombe. Walijipanga vizuri sana, wakawasubiri wezi ambao hawakuwapo. Nyuma yao zikateketea nyumba kumi na moja pamoja na pamba iliyokuwa ikisubiri kupimwa.

Mwaka uliofuata baraza liliamua mambo mawili: awepo mlinzi mlimani, na mwano wa moto ufuatwe na debe, ili watu waje na matawi mabichi na maji. Waliomchagua Maganga hawakukosea. Alikuwa mchungaji tangu utoto, na kila kichaka cha bonde hili alikijua kwa jina.

Lakini kuna jambo ambalo baraza halijui. Mlinzi wao haoni.

"Naona mwanga na kivuli," ananiambia Maganga. "Ukisimama mbele yangu najua kuna mtu. Kama ni mwanangwa au ni mbuzi, siwezi kukuhakikishia."

Anacheka, kisha anageukia upande wa daftari langu. "Andika. Lakini usipeleke gazetini mpaka Alhamisi ipite. Alhamisi kuna baraza, na nataka wasikie kwangu kwanza."

Ugonjwa wa macho ulimwanza zamani, kope zikikwaruza jicho mchana kutwa kama mchanga. Alipokwenda hospitali ya misheni, daktari alimwambia amechelewa, kioo cha jicho kimeshapata makovu. Maganga alirudi nyumbani akanyamaza. Kilima alikijua kwa miguu, akaamini macho yaliyobaki yangemtosha misimu miwili mitatu.

Hayakumtosha. Julai mwaka jana aliona wingu la kijivu likitambaa upande wa mbugani, pana na zito, likisogea na upepo. Akapiga mwano, akagonga debe mpaka likabonyea. Watu karibu mia tatu waliacha kazi zao wakakimbia na matawi na mitungi ya maji, wengine wakivuka miiba bila viatu.

Walikuta ng'ombe. Kundi kubwa lilikuwa likipelekwa kulamba magadi, na kwato zilikuwa zimetimua vumbi.

Kwa mila ya hapa, anayepiga mwano bure huwalisha waliokimbia. Maganga alitoa dume, likachinjwa palepale, na watu wakala huku wakimtania kwamba safari nyingine aone moto karibu na Krismasi. Naye alicheka pamoja nao. Alipofika nyumbani alimwita mkewe ndani.

"Akaniambia, 'Mama Theonest, mimi nimekwisha,'" anakumbuka Generosa. "Nilidhani anakufa. Aliponieleza ni macho, nilimshukuru Mungu kwanza, halafu ndiyo nikalia."

Kesho yake Generosa alipanda naye. Alibeba chakula ili watu wapate cha kusema, na kweli walisema. Walidai Maganga anapelekewa ugali mlimani kama bwana harusi. Mama mmoja alimuuliza Generosa kisimani ni dawa gani aliyompa mumewe hata hawaachani mchana kutwa. Generosa alijibu kwamba dawa yenyewe ni mlenda, na mama yule akaondoka akiwa ameamini.

Huko juu walijifunza kazi upya. Generosa ana macho ya kuona mbuzi mweusi kwenye kichaka cheusi, lakini hakujua moshi. Maganga alijua moshi asiouona. Ikabidi macho ya mmoja yazungumze na akili ya mwenzake: umesimama au umelala, mweupe au mweusi, unakatika au haukatiki. Moshi wa miti ya pamba, ambayo sheria inamtaka kila mkulima aichome kila mwaka, husimama mweupe. Moshi wa nyasi hulala, una weusi kwa chini, na haukatiki.

Agosti hii, siku moja baada ya adhuhuri, Generosa aliuona uliolala. Mtu alikuwa amechoma miti ya pamba akaenda kunywa uji, na moto ukaingia kwenye ngitili ya Mzee Masele, yale malisho yaliyofungwa ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Nyuma ya ngitili kulikuwa na ghala la pamba, na nyuma ya ghala nyumba za watu.

"Sikumaliza kusema," asimulia Generosa. "Nilisema tu 'umelala, mweusi chini,' yeye tayari yuko juu ya jiwe anapiga mwano."

Watu walifika mapema. Iliungua robo ya ngitili, na hakuna nyumba iliyoguswa. Kwenye baraza la mwezi ule, Maganga alisimamishwa mbele ya watu akapigiwa makofi.

"Nilisimama kama mwizi," anasema. "Yeye yuko nje na wanawake wenzake, ananipigia vigelegele. Nikameza sifa zake, naye anafurahi. Tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri."

Sasa baraza linataka kumpa zaidi. Ajenda ya Alhamisi ni kupanua ulinzi wa moto: walinzi kwenye vilima vitatu, mkokoteni wa ng'ombe wenye mapipa mawili ya maji, na Maganga awe mkuu wa walinzi wote kwa shilingi arobaini na tano. Akinyamaza, cheo ni chake. Akisema, huenda akarudi nyumbani bila kazi, na mwaka huu pamba yao haikufaa kitu.

Generosa hakutaka aseme. Hafichi hilo. "Nilimuuliza, ukisema tutakula nini? Akaniambia, na siku ukiugua wewe, nani ataona? Nikamnunia siku mbili."

Alhamisi banda la baraza lilijaa mapema. Karani Athanas alisoma ajenda, na Mwanangwa Bartholomeo, mkuu wa gunguli, akamwita Maganga atoe neno la shukrani.

"Wazee, mwangaluka," alianza Maganga. Mkono wake ulikuwa umeshika nguzo. "Kabla hamjanipa vilima vitatu, nawaambia kwamba hata hiki kimoja sikilindi mimi. Macho yangu yamekufa. Anayeona ni mke wangu."

Kulizuka kicheko, kisha kelele za watu wote kwa mpigo. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Na Agosti?"

"Aliona yeye. Mimi nilipiga kelele tu."

Mwanangwa hakucheka. "Mwaka mzima, Maganga, watu wamelala wakiamini jicho letu liko mlimani," alisema. "Siku ile ya vumbi ulijua, na hukutuambia. Kama mkeo angeugua mwezi wa nane, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

"Ni kweli," alijibu Maganga.

Generosa aliitwa ndani. Alipiga magoti mlangoni kwa heshima, kanga kaibana kifuani.

"Mama, nani alikutuma mlimani?" aliuliza Mwanangwa.

"Hakuna, baba."

"Basi ulipandia nini?"

"Mume wangu haoni," alisema Generosa. "Ningemwachaje apande peke yake?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Masele, mwenye ngitili, alijikongoja akasimama. "Ng'ombe wangu thelathini wanakula nyasi zile mpaka leo," alisema. "Mimi siulizi jicho lilikuwa la nani. Nauliza, kesho atapanda nani?"

Wakajadili hadi ng'ombe wakaanza kurudi. Walinzi wa vilima vitatu walipitishwa, na mkokoteni pia. Maganga aliondolewa kazini kuanzia mwisho wa mwezi, kwa kuwa mlinzi lazima awe na macho. Mahali pake pa Igalamya amewekwa Generosa, kwa majaribio hadi mvua, kwa shilingi ishirini na tano. Karani alieleza kwamba ni kwa sababu ni mara ya kwanza kwa mwanamke. Kwa nini mara ya kwanza ipungue shilingi kumi, hakuna aliyemuuliza. Maganga ameombwa awafundishe walinzi wapya habari za moshi, na malipo ya kazi hiyo yatazungumzwa baraza lijalo.

Njiani kurudi, Generosa alilia. Maganga alikuwa kamshika bega, kama atembeavyo siku hizi.

"Mimi niliona aibu na niliona wepesi, vyote pamoja," anasema. "Tulipofika nyumbani nikaomba chakula. Nilikula sufuria nzima."

Mwana wao Theonest, anayefanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, amekwisha kuandika barua akiwataka wahamie kwake. Wamemjibu kwamba watakwenda kumsalimia mvua zikianza. Kwa sasa kuna kazi.

Na kazi ngumu kuliko zote ni mwano. Generosa hajawahi kuupiga, na hauwezi kufanyiwa mazoezi mlimani, maana watu watakuja na kutakuwa na dume jingine la kuchinja. Kwa hiyo anafanyia mazoezi ndani ya kihenge cha mtama, ambacho mwaka huu kina nafasi tele. Anaingiza kichwa hadi mabegani, anapiga, na kuku wote wa boma wanakimbilia kwenye minyaa.

Jumamosi asubuhi Maganga ameketi kando ya kihenge hicho, akisokota kamba ya katani ya mkokoteni wa baraza.

"Unaomba radhi," anamwambia. "Mwano hauombi radhi. Toa tumboni."

Generosa anatoa tumboni. Jirani anatokeza kichwa juu ya uzio, anawaona, anatikisa kichwa na kuondoka.

"Huo sasa," anasema Maganga, na uso wake wote unacheka. "Huo nitausikia hata nikiwa usingizini."

Kuanzia Oktoba mosi Generosa atapanda peke yake. Kwa siku hizi chache zilizobaki wanakwenda wote, naye Maganga anamtajia majina ya vichaka na makorongo yote ya bonde, ili siku hiyo asiseme moto uko kule, aseme uko wapi. Tumaini lake ni kwamba mvua zitawahi, na mkewe atamaliza msimu mzima bila kufungua kinywa.

Lakini mvua zikichelewa, je? Generosa akipiga mwano kweli, Maganga atafanya nini huku nyumbani?

"Nitachukua tawi niende," anajibu, kana kwamba ameulizwa jambo la kipuuzi. "Sheria ya baraza inasema kila mwenye miguu aje. Macho haikuyataja."

Generosa anatoa kichwa kwenye kihenge, nywele zimejaa pumba. "Utajikwaa, Baba Theonest."

"Nitajikwaa," anakubali Maganga. "Lakini nitakuwa nakuja."