Sahani ya Koili na Jicho la Pembeni

Pistoni ya kwanza ilipotoboka nilisema ni bahati mbaya. Ya pili ilipotoboka palepale, katikati ya utosi, nikaanza kumwangalia mume wangu kwa jicho la pembeni.

Injini ilikuwa ya mdogo wangu, kaka yangu anayefuata. Yeye anaishi kando ya ziwa, anabeba wageni kwenye pikipiki ya majini, ile watu wanaita jetski. Anayo moja tu, alinunua ikiwa imeshatumika, na hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Ili ibebe watu wawili wazito bila kulalamika, aliomba silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya pistoni, ikwanguliwe iwe na mbano zaidi. Kazi hiyo aliifanya mume wangu, hapa gereji kwetu Silibwet, juu kwenye milima ya chai. Si kwa kumsifu, lakini injini ndogo za kuchanganya petroli na oili hakuna anayemshinda. Mashine za kuchuma chai za upande wetu karibu zote hupitia kwake. Mimi nafungua, naosha, napima. Yeye anafunga.

Sasa shida ni hii. Ikiwa hapa juu, injini ilikuwa inalia vizuri mpaka majirani wanaacha kazi waje kusikiliza. Ikishuka ziwani inakimbia kidogo, inaanza kugonga ndani kama mtu aliyefungiwa chooni, halafu pistoni inayeyuka. Mdogo wangu akanipigia.

"Dada, mimi sisemi kitu," akaanza, na nikajua anasema kila kitu. "Lakini huyo shemeji, yawa, una uhakika ananipenda?"

"Wacha upuzi wako!"

"Sawa. Hii ikiungua tena nauza kama vyuma vikuukuu. Watoto wangu utawalisha wewe."

Nilimkatia simu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Nikakumbuka Krismasi, mama mkwe alipomkaribisha mursik, maziwa ya kibuyu yenye majivu, yaliyolala vizuri. Mdogo wangu alionja, akazunguka nyuma ya nyumba, akayamwaga kwenye nyasi. Mume wangu alikuwa dirishani. Aliona. Hakusema neno, na mtu wangu asiposema neno mimi silali. Nikajiambia, kumbe ndiyo hii. Anamlipiza kwa spana.

Injini iliporudi na pistoni hiyo ya pili iliyotoboka niliichunguza kama mkwe mtarajiwa. Kabureta safi. Mchanganyiko wa oili sawa. Hewa haivuji popote. Kikabaki kitu kimoja, taimingi, yaani wakati ambao plagi inatoa cheche. Cheche ikiwahi mno, moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda, inapigwa kichwani hadi itoboke. Kwenye injini ile wakati huo unapangwa kwa kuzungusha sahani inayobeba koili, nyuma ya magneti. Nikaipanga sawasawa na alama ya kiwandani. Kisha nikatoa rangi yangu ya kucha, nikachora mstari mwembamba mwekundu kutoka kwenye sahani hadi kwenye mwili wa injini. Anayeisogeza atauvunja. Nikafunika na kitambaa, nikaenda soko la Merigi kununua kabeji nisizozihitaji.

Niliporudi alikuwa ameshafunga kila kitu, ametoka kupeleka mashine ya mteja. Nikafungua magneti tena. Mstari ulikuwa umekatika. Sahani imesogea mbele upana wa punje ya mchele.

Mungu wangu, nilivyowaka! Aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Nani ameshika hii?"

"Mimi," akajibu, bila hata kupepesa macho.

"Mdogo wangu amekukosea nini? Ni yale maziwa, siyo? Unataka kumfilisi kwa sababu ya maziwa?"

"Maziwa gani?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nimeongeza kidogo tu. Si hata wewe unajua huwa tunaongeza zote?"

Na ni kweli, najua. Hapa juu kwenye chai hewa ni nyepesi na moto ndani ya silinda unaenda polepole. Basi kila fundi wa huku, injini ikipita mkononi, anasogeza sahani mbele kidogo cheche iwahi. Haandiki, hasemi, wala haoni kwamba amebadilisha kitu, ni kama kupangusa mikono. Mashine zetu zinapanda milima ya chai nazo zinashukuru. Lakini ziwani ni bondeni. Hewa ya huko ni nzito, na hedi ile ilikuwa imekwanguliwa, kwa hiyo moto ulienda mbio na cheche ikawa imewahi mno. Mume wangu huko alishakwenda kwa matanga tu, akiwa na suti.

Nilimweleza. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akashika kichwa. "Oi! Mimi ndiye nimemchomea zote?"

Tukairudisha sahani kwenye alama, tukaizidisha nyuma kidogo kwa usalama. Ikawa inalia kivivu, na yeye akaona aibu majirani wasije wakasikia. Ilipofika ziwani mdogo wangu alipiga simu akipiga kelele: amebeba kina mama wawili wa kanisa, wanene kweli kweli, ameenda na kurudi kutwa nzima, na plagi ametoa imekuwa rangi ya chai ya maziwa, ndiyo dalili ya moto unaowaka sawasawa. Akasema nimwambie shemeji asante. Nikamwambia.

Mume wangu alifurahi. Kisha akaniuliza taratibu, "Ile rangi nyekundu, uliiweka kabla sijagusa?"

Ningeweza kudanganya. "Ndiyo."

"Kwa hivyo ulikuwa unaningojea."

Mkono uliosogeza ulikuwa wake, nilikuwa na haki ya kuangalia, na hadi leo nasema hivyo. Yeye hakubishana. Lakini tangu wakati huo hafungi mashine yoyote, hata ya jirani, hata ya kukata majani ya ng'ombe, kabla hajaniita.

"Mama watoto, kuja uone kwanza."

Nakuja, naona, namwambia funga. Anasema asante. Hana kinyongo hata kidogo sautini, na afadhali angenifokea.