Beji ya Ukarimu na Mgeni Asiyeshiba

Nilipokuwa darasa la sita, kikosi chetu cha vijana pale Nkuhungu kilikuwa na beji za kila namna: ya kufunga mafundo, ya huduma ya kwanza, ya bustani, hata ya kuogelea, ambayo hakuna aliyewahi kuipata kwa sababu hakuna aliyejua pa kuogelea. Mimi nilikuwa nazo mbili. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja alikuwa nazo tano, na kila akigeuka kuniomba kifutio zilining'aria usoni. Kwa hiyo mlezi wetu, karani mstaafu ambaye kaptula yake ilipigwa pasi mpaka ikawa na makali, alipotangaza kwamba imeletwa beji mpya ya Ukarimu, nilinyoosha mkono kabla hajaeleza inapatikanaje.

"Kijana atamkaribisha mgeni nyumbani kwao," alisema, "atampikia kwa mikono yake mwenyewe, na mgeni huyo atakuja Jumamosi mbele ya kamati aseme amekula na ameshiba. Ndugu haruhusiwi. Jirani haruhusiwi. Mgeni ni mtu asiyekujua."

Mtaani kwetu mgeni alikuwa mmoja tu, kijana wa wizarani aliyehamishiwa Dodoma akapanga chumba wiki ileile. Mlezi aliamua kwamba mtu aliyehamia juzi bado si jirani, na wenzangu wakamvamia. Nilipogonga mlango wake mimi, aliufungua kidogo, akaiona skafu yangu shingoni.

"Mdogo wangu, nakuomba," alisema kwa sauti ya mtu anayeumwa. "Nimekula mlenda kila nyumba ya mtaa huu. Sisi kwetu tunakula ndizi."

Akafunga. Nikasikia kitanda kinaburutwa kuja kuzuia mlango.

Ndipo nikaenda stendi ya mabasi. Nilijisemea kwamba pale wageni wamejaa, ni kuchagua tu. Nilimfuata mtu mmoja baada ya mwingine: "Shikamoo. Karibu nyumbani ule." Watu wakakumbatia mabegi yao. Mzee mmoja aliniuliza ni kanisa gani hilo. Mama mmoja alinipa biskuti akidhani mimi ndiye mwenye njaa.

Mwishowe nikamkuta mama mtu mzima amekalia begi lake, amevaa khanga mbili na miwani yenye mguu mmoja. Alikuwa anatoka pwani kwenda kwa ndugu zake Singida, basi lake limeharibika na abiria wameambiwa wasubiri. Nilimweleza habari ya beji tangu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza bila kucheka.

"Na huo ushahidi unatolewa lini?"

"Jumamosi, mama."

"Leo Jumatano." Akafikiri kidogo, kisha akachukua simu akapiga. "Haloo? Huko kwenye kikao cha ukoo msinisubiri. Nimezuiwa Dodoma. Kuna shughuli ya kamati." Akakata, akanyanyuka. "Haya, mwanangu. Shika begi."

Mama yangu alipotuona tunaingia uani alidhani ni shangazi wa upande wa baba, akampokea kwa shangwe. Alipojua ukweli ilikuwa mgeni ameshavua viatu. Nikasonga ugali, nikapika mlenda, nikamkalia mbele nikihesabu matonge. Kila alipopunguza mwendo nilimwongezea. Kila alipomeza nilimuuliza, "Umeshiba?"

"Bado," alijibu kwa upole.

Jumamosi, katika ukumbi tulioazimwa na kwaya, kamati ilikaa nyuma ya meza: mlezi, mwenye duka, na fundi cherehani anayeshona beji zetu. Mgeni akasimama.

"Ulikula?" mlezi akamuuliza.

"Nilikula."

"Ulishiba?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. "Hapo siwezi kusema uongo. Tumbo lilijaa. Lakini mtoto huyu alinilisha kama mtu anayejaza ndoo bombani, anaangalia tu imefika wapi. Kushiba, sikushiba."

Nilitamani ardhi inimeze. Mlezi akatamka kwamba nimeshindwa. Lakini yule mama hakukaa. "Mpeni nafasi nyingine. Wiki ijayo nitakuja tena."

Mama yangu, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, alishika tama.

Basi akabaki. Basi lake lilikwisha kutengenezwa na kuondoka zamani. Alilala chumbani kwangu, akakoroma, akanisahihisha hesabu za sehemu, akahamisha jiko letu la mkaa kutoka upande mmoja wa ua kwenda mwingine kwa sababu ya upepo. Mwanzoni nilimnunia. Nilipika nisiseme neno, naye alikula asiseme neno. Halafu siku moja nilirudi shuleni nimechapwa na jua, nimegombana na yule rafiki wa beji tano, sina hamu ya kupika wala kuonana na mtu. Kulikuwa na kiporo cha ugali na dagaa. Nikakaa chini, nikaanza kula. Akaja akakaa kando yangu, akatia mkono kwenye sahani ileile. Nikamsimulia ugomvi wote. Alikuwa upande wa rafiki yangu! Tukabishana mpaka tukagombea dagaa wa mwisho, akamla yeye.

"Ahaa," akasema, akijilamba vidole. "Leo nimeshiba."

Sikuelewa anasema nini mpaka alipoyarudia maneno hayo mbele ya kamati Jumamosi iliyofuata.

"Alikupikia nini?" mlezi akauliza, kalamu mkononi.

"Kiporo."

Mlezi akasema masharti yanataka chakula kilichopikwa. Mwenye duka akasema kiporo kimepikwa, tena kimepikwa kuliko chakula kingine, maana kina siku mbili. Mlezi akauliza, je, kimepikwa *kwa ajili ya mgeni*? Fundi cherehani akasema yeye kwake mke wake hampi kitu ila kiporo na hajawahi kujiona mgeni. Walibishana mpaka watu wa kwaya wakaja kudai ukumbi wao. Kamati ikahamia chini ya ukuta nje, ikaendelea. Mwishowe mlezi akachoka, akaichomoa beji mfukoni, akanibandika kwa pini. Ilinichoma hadi nikaruka, na yeye akadhani ni furaha.

Tulimsindikiza stendi keshoye. Alinishika kichwa, akamwambia mama, "Mtoto wako mbishi. Mlee vizuri," akapanda basi la Singida bila kugeuka nyuma.

Tulirudi nyumbani. Mama alitazama jiko pale lilipohamishiwa, akaliinua, akalirudisha mahali pake pa zamani. Moshi ukaanza kuingia ndani moja kwa moja, tukakohoa wote wawili. Alivumilia mpaka maji ya chai yalipochemka. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Hebu shika huku, tulirudishe kule."

Tukalirudisha.