Siku Nilipomwombea Dada Yangu Pumziko la Milele

Sioni fahari kuyaandika haya, mimi niliyetunza kumbukumbu za serikali hadi kustaafu bila faili hata moja kupotea. Lakini kwa kuwa mkasa huu unasimuliwa kombo kuanzia Tarakea hadi Shirimatunda, heri niunyooshe mwenyewe.

Mimi ni katibu wa ukoo. Restituta, binti wa marehemu kaka yangu na mwalimu wa kompyuta, alinitungia programu mbili za Python: ya kwanza iliandika orodha yetu katika faili la CSV, yaani jina, kijiji na hali, vikitenganishwa kwa mkato; ya pili ililisoma faili hilo, na yeyote ambaye safu yake ya tatu, ile ya hali, haikuwa na neno hai, ikamhesabu marehemu.

Nilipolifungua faili nikakuta baadhi ya majina yamewekewa alama za kunukuu, kama "Filomena, mjane wa Aloisi". Nilikereka (shuleni tulifundishwa kuwa alama hizo ni za maneno ya msemaji, na dada yangu Filomena hakuwa amesema lolote), nikazifuta zote bila kumuuliza mtu, nikaendesha programu ya pili na kuchapa, wala sikuyapitia majina, maana si niliyaandika mwenyewe?

Kwenye mkutano wa ukoo baada ya Krismasi nilisimama na suti yangu ya ofisini nikisoma majina ya marehemu, watu wakiitikia, "Apumzike kwa amani," hadi nikatamka, "Filomena, mjane wa Aloisi," wakaitikia vilevile, kwa mazoea, kisha wote wakageuka kumtazama Filomena aliyeketi pale pale.

Dada alikuwa ametoka hospitali wiki ile, baada ya kupasuliwa. Akaiweka chini kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Mdogo wangu, daktari amewaambia nini ambacho mimi sikuambiwa?"

Niliapa kwamba hakuna. Hakuniamini. Restituta akaichukua karatasi.

"Baba Mdogo, alama umezipeleka wapi? Ndizo zilizoiambia kompyuta kuwa mkato ule ni wa ndani ya jina. Sasa mjane wa Aloisi kimekuwa kijiji, na Tarakea imekuwa hali ya Shangazi!"

"Mnanificha," dada akasema, machozi yakimlenga. "Soma anayefuata."

Nilisoma: "Deogratias, karani mstaafu."

Ndiye mimi.

Dada akaiokota kata yake, akaitikia peke yake, kwa sauti kubwa: "Apumzike kwa amani!"

Tangu hapo sifuti alama yoyote kabla ya kumuuliza aliyeiweka, hata inikere namna gani. Naye Filomena, mzima wa afya hadi leo, kila nikimwamkia shikamoo hunijibu, "Marahaba, marehemu."