Kikapu cha Mafundo Manne

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, maana jambo hili siwezi kulisema kwa sauti kubwa. Juzi nilishuka tena kwenye kijito cha utoto wangu, kule bara ya Lindi. Hakuna maji. Ni mchanga mtupu, na mikorosho imefika hadi ukingoni. Nilikalia jiwe lile lile nililolikalia nilipokuwa msichana mdogo, mlinzi wa vikapu vya ndiga.

Labda ndiga huijui, na si kosa lako. Ni kiazi cha porini, na ndani yake mna sumu. Tuliila wakati wa njaa tu, na njaa yetu ilikuja baada ya Maji Maji, jeshi la Wajerumani lilipopita likichoma mashamba na vihenge ili watu waliobaki porini wakose chakula. Baba alichukuliwa kubeba mizigo yao, hakurudi. Tulibaki wanne: bibi, mama, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa ameanza kuvimba miguu.

Bibi ndiye aliyejua ndiga. Aliimenya, akaikata vipande vyembamba, akavitia kikapuni na kukifunga mtoni ili maji yapite ndani. Kila asubuhi alipiga fundo moja kwenye kamba ya kikapu. Yakifika mafundo manne, alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akangoja. Ulimi usipowasha, chakula kimeiva. Kwa macho, kikapu cha siku moja na cha siku nne havina tofauti. Hata harufu ni ile ile, ya majani yaliyooza. Ilikuwa lazima usome kamba.

Bibi alikuwa amebatizwa. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu aliyechimba ndiga pamoja naye, alizoea kumtania: "Ndugu yangu, Mungu wenu kaja na Wajerumani. Mwambie basi aturudishie mtama." Bibi alicheka, jembe likiendelea. "Namwambia kila siku. Labda anasubiri useme na wewe."

Basi siku moja mchana alikuja askari. Nilimjua kabla hajafika, kwa lile kovu la kidevuni. Ndiye aliyechoma kihenge chetu huku akitafuna karanga zetu. Sasa wenzake walikuwa wamemwacha nyuma, mguu wake umeoza, bunduki imekuwa fimbo ya kutembelea.

"Binti, hicho chakula?"

"Chakula."

"Naweza kula?"

Vikapu vilikuwa viwili, kimoja cha fundo moja, kingine cha mafundo manne. Mkono wake ulikuwa kwenye kile cha fundo moja. Niliiona kamba vizuri. Nikasema, "Chukua."

Alijikokota nacho hadi kwenye magofu ya kijiji. Mimi nilitulia juu ya jiwe, na nakwambia kweli, moyo wangu ulikuwa umeshiba.

Bibi alipokuja aliuliza kikapu kiko wapi. Nikamwambia nani kakichukua. "Kipi?" Akatazama kamba iliyobaki, kisha akanitazama mimi. Akakiopoa kile cha mafundo manne, akakibandika kichwani kikichuruzika maji, akakimbia. Nami nikamfuata.

Tulimkuta amewasha moto, kipande cha kwanza kikielekea mdomoni. Bibi alikipiga kofi kikaanguka. Askari akamwelekezea bunduki.

"Kizee, una wazimu?"

"Hiyo itakuua, mwanangu. Kula hii."

"Ile sumu, hii dawa? Mnanichezea. Kula wewe kwanza."

Bibi akala. Yule mtu alimwangalia kwa muda mrefu, ndipo akaanza kujaza mdomo kwa mikono miwili.

"Hata shikamoo huna?" bibi akamuuliza.

"Shikamoo," akasema, mdomo umejaa.

"Marahaba. Tafuna taratibu. Ukimaliza konzi tatu unirudishie, nina mtoto mgonjwa."

Hakurudisha. Alikipakata kikapu kama mtoto. "Hiki ndicho nilichoona mtu akila," akasema. "Vingine vyenu sivijui." Bibi alimsihi hadi sauti ikakauka, akisimama tena akipiga magoti. Bunduki haikushuka.

Nyumbani mama alisema, "Huyo alichoma kihenge chetu."

"Alikichoma mbele ya macho yangu."

"Basi?"

"Nilifundishwa kumwombea adui. Sikufundishwa kumtazama akila sumu."

Tuliirudisha majini ile ndiga ya fundo moja. Zilibaki siku tatu. Mdogo wangu alingoja mbili. Jirani yetu ndiye aliyetusaidia kuchimba kaburi, na siku ile hakutania. Tangu hapo mama hakula tena sahani moja na bibi, hadi bibi alipokufa.

Watu hudhani tendo jema hulipwa. Sikuyaona malipo, na miaka yote hii nimeyatafuta. Bibi mwenyewe aliniambia mara moja tu, tukimenya ndiga: "Sijui kama Mungu aliniona." Hakunilaumu kamwe. Lakini mimi nalijua kosa langu. Ningemwambia yule mtu, "Acha hicho, onja hiki," angeomba konzi, na bibi angempa konzi. Aliyeponea chupuchupu kulishwa sumu hana tena imani na mtu, hushikilia chote. Bibi alimpenda adui. Mimi nilimchukia kwa neno moja dogo, na chuki yangu ndiyo iliyomnyang'anya mdogo wangu chakula.

Kijito kimekauka. Bibi, mama, jirani, wote wamekwenda. Wajukuu wangu hununua unga dukani, hakuna anayejua kusoma kamba. Siwadai wajue. Ila wewe uliyekaa nami hadi hapa, shika hili moja: akija mtu mwenye njaa kwenye vikapu vyako, hata awe yule unayemjua kwa kovu lake, mwoneshe kilichoiva kabla hajauliza.