Nilivyolala Mapajani mwa Mkwe Siku ya Posa

Mimi ndiye yule mama wa Rujewa aliyelala mapajani mwa mzee wa watu kule Kilolo, siku ya posa ya mwanangu mwenyewe, tena nikakoroma, na kama umeshaisikia habari hii kwa wifi yangu Salome basi umesikia nusu, kwa sababu Salome akiisimulia yeye hayumo. Leo nasimulia mimi, na yumo.

Nianze na nesi Furaha. Mume wangu alipofariki nilikaa muda mrefu ndani sifanyi kitu, sipiki, siogi mpaka nikumbushwe, nimelala naangalia bati mpaka misumari yake naijua mmoja mmoja, na ng'ombe za watu zikaingia kwenye mpunga wangu huku nasikia kengele zao na sinyanyuki. Hospitali wakasema ni sonona, wakaniandikia vidonge, kimoja kila usiku. Vile vidonge vilinirudisha jikoni, taratibu, wiki kwa wiki, hilo siwezi kulikana. Ila siku ya kuvichukua, watu wamejaa kwenye mabenchi, Furaha akatoa kichwa dirishani akasema kwa sauti ya kuuzia dagaa, "Wa presha bakini hapo hapo. Wa dawa za akili asogee." Nikasogea peke yangu. Maelezo aliyonipa ni haya, yote: "Meza usiku, usiruke. Anayefuata." (Pombe hakuitaja, kizunguzungu hakukitaja, na mimi wa darasa la saba nitamuuliza nini mtu aliyeshageuza mgongo.) Na kwenye benchi la presha alikuwa amekaa nani? Salome.

Ikaja posa. Daudi wangu kampata Anitha, binti wa Kilolo, na kijana ambaye hajawahi kuniomba kitu kikubwa akaniomba hiki: "Mama, twende wote. Baba hayupo, wanataka wamwone mzazi." Mshenga akawa shemeji yangu Lazaro, mdogo wake marehemu, mtu anayejua kuongea kuliko anavyojua anachoongea.

Asubuhi ya safari Salome akanikuta nafunga vidonge kwenye kitambaa.

"Wifi, hizo unazipeleka wapi?"

"Si tunalala huko."

"Wahehe wanaulizaga ukoo, wewe. Kifafa, kichaa, wanauliza vyote kabla hawajagusa hata blanketi la mahari. Mtu akifungua tu huo mkoba wako, Daudi hana mke."

"Sasa nisimeze? Niliambiwa nisiruke."

"Nani kasema uruke? Jana umemeza?"

"Jana nilipitiwa, mizigo ilinichanganya."

"Basi meza cha jana na cha leo sasa hivi, yameisha. Huko unaenda na mkoba mtupu."

Nikaona ana akili (hapo ndipo ujue sonona ilikuwa haijaisha). Nikameza vyote viwili na chai, vingine nikaviacha chini ya godoro, tukapanda gari, mimi, Daudi, Lazaro na Salome. Makambako sikuiona, Mafinga sikuiona, Iringa mjini niliamshwa kidogo nikasikia Lazaro anasema shemeji kachoka kwa furaha. Tunashuka Kilolo, baridi na manyunyu, mdomo wangu mkavu kama nimekula pumba za mashine, ulimi umeganda juu. Naomba maji, wananiletea ulanzi, pombe yao ya mianzi. Nikamtazama Lazaro.

"Kunywa, shemeji," akaninong'oneza. "Huu mtamu, umegemwa leo leo, hata watoto wanakunywa. Ukikataa watasema tunawadharau."

Nikanywa kwa kiu, wakaona nimeupenda, wakaongeza.

Tukakaa sebuleni, wanaume kwenye viti, sisi wanawake kwenye mkeka, mimi nimewekwa karibu na miguu ya Mzee Yustino, baba mkubwa wa Anitha, ndiye msemaji wao. Lazaro akaongea, akasifia, akazunguka, mpaka mzee akamkatisha kwa upole.

"Tumewasikia. Sasa tuambieni, huko kwenu kwenye ukoo kuna maradhi gani? Hatuulizi kwa ubaya."

"Hakuna, mzee wangu. Hata mafua yanatupitia mbali," akasema Lazaro.

"Za kichwa je?"

"Hizo tunazisikiaga kwa majirani. Mama mzazi huyu hapa, muulizeni mwenyewe. Simama, shemeji, wakusikie."

Nikasimama kwa haraka, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Sebule ikageuka, taa ikaenda chini, mkeka ukaja juu, na mimi nikashuka polepole (wanavyosema) nikatua kichwa kwenye mapaja ya Mzee Yustino, nikajiweka vizuri, nikalala. Mke wake, Mama Getruda, amekaa kiti cha pili anaangalia. Mtu mmoja wa kwao akaanza kukemea pepo. Na Salome, yule yule aliyeniambia nifiche, akashika kichwa mbele ya ukoo mzima: "Jamani, sio pepo, ni vidonge vyake vya akili, kameza viwili."

Hapo aliniokoa, nakubali, maana walinibeba mpaka zahanati. Ila angesema pembeni basi.

Zahanati kulikuwa na nesi wa kiume ambaye alitoa watu wote nje, akafunga mlango, ndipo akauliza. Akanipima presha nimelala, akanipima tena nimekaa, akanibakisha mpaka kesho yake. Akaniambia kumbe dawa hizi zinashusha presha ukisimama ghafla, zinakausha mdomo, zinaleta usingizi, na pombe haichanganywi nazo hata ikiwa tamu namna gani. Ukipitiwa usiku mmoja, usifidie kwa kumeza viwili. Wala usiziache ghafla kwa sababu umejisikia nafuu. Nilitamani kulia, kwa hasira, kwamba maneno mafupi hivyo nimeyafuata mpaka Kilolo.

Kesho yake Mzee Yustino akatuita.

"Mama, kuugua sio kesi, hata humu ndani watu wanaugua. Kesi ni kwamba tuliuliza tukajibiwa hakuna."

Wakatoza mbuzi wawili. Mmoja wa Mama Getruda, kwa kulaliwa mume macho yake yanaona, huyo nilete mimi. Wa pili ni wa uongo, "na huyo aletwe na waliousema, sio mgonjwa." Wakifika wote wawili, posa inaendelea.

Wangu nilishampeleka, na Mama Getruda alimpokea akicheka mpaka akakaa chini. Wa uongo mpaka leo hajafika. Lazaro anasema aliyeanguka ni mimi. Salome anasema yeye alikuwa ananisitiri. Furaha nilimfuata dirishani, nikamwomba asinitangaze, aniite kwa jina langu tu, akasema sawa mama, na mwezi uliofuata akaita, "Mama Daudi wa dawa za akili."

Basi mimi sifichi tena. Vidonge vyangu nasafiri navyo, nameza usiku hata kama nimelala kwa askofu, na mtu akiniambia nifanye vingine namuuliza kwanza kama yeye ni nesi, na kama ni nesi namuuliza kama atakaa anieleze. Na ninyi wa Rujewa, mkimwona Salome sokoni au Lazaro pale mashineni, msalimieni vizuri, kisha muulizeni mbuzi yuko wapi, maana Anitha anangoja, na mwanangu siku hizi anakula chakula chake kimya.