Chupa Isiyooshwa

Hilaria alikuwa mtu wa kunusa. Akiingia jikoni ananusa gesi, akipita zizini ananusa kama ng'ombe ana homa, na binti yake Pamela akirudi kutoka Moshi mjini alimnusa nywele kabla ya kumwambia karibu.

"Mama, mimi si samaki," Pamela alizoea kusema.

Hilaria hakucheka. Aliishia darasa la saba, akaolewa huku juu ya Sanya Juu, kwenye kihamba cha migomba na kahawa, na tangu hapo, ukiacha kulima na kupeleka ndizi sokoni, kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha hakuna kitu kinachoungua. Na harufu aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya mafuta ya taa, yale ya kabatini.

Mumewe, Leodegar, alikuwa mtunza maabara kwenye sekondari moja ya mjini. Alipokaribia kustaafu, shule ilikuwa inahamisha maabara, na ilibaki chupa moja ya kioo ambayo hakuna aliyeitaka. Aliogopa kwamba wangeitupa chooni. Akaipakata mapajani mpaka nyumbani, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Ndani yake, chini ya mafuta ya taa, vilikaa vipande vya kijivu, kama viazi vikuu vilivyochemshwa vikapoa.

Jioni hiyo alimwita mkewe, akatoa kipande kwa koleo, akakikata kwa kisu cha mezani. Kilikatika kama siagi. Ndani kiling'aa kuliko sufuria mpya, na Hilaria akainama atazame vizuri, lakini palepale ule mng'ao ukaanza kufa, ukaingia utando, kama jicho la kuku aliyechinjwa. Kisha Leodegar akadondosha punje ndogo kwenye beseni la maji. Haikuzama. Ilikimbia juu ya maji ikichachatika, ikawaka moto wa zambarau, ikazunguka beseni kama inayotafuta mlango, ikapasuka, basi.

"Ni mdudu?" Hilaria aliuliza.

"Ni potasiamu. Hata majivu ya maganda yako ya ndizi yanayo, ila huko imeshikana na wenzake, imetulia. Hii iko peke yake. Ikiwa peke yake haivumilii hewa wala maji."

"Sasa unaileta ndani kwangu ya nini?"

"Kule hakuna wa kuiangalia. Wewe mafuta yasipungue tu. Na ukiona imeota ganda la njano, usiiguse kabisa."

Miaka michache baadaye Leodegar alifariki, wakati wa masika, moyo ulisimama akiwa shambani. Mafuta yakabaki kazi ya Hilaria peke yake. Kila mara alipotaka kufungua lile kabati alijikuta anapiga hodi kwanza, na baada ya hodi alisubiri kidogo.

Ukoo wa mumewe una desturi yake. Ikishapita misa ya arobaini, kila alichokishika marehemu, jembe lake, viatu, miwani, kikombe cha chai, huoshwa kwenye mfereji unaopita kihambani, na mama yake ndiye anayesimamia. Kisichooshwa, wanasema, marehemu bado amekishika, na mjane anayeficha kitu anamzuia mtu njiani.

Hilaria alijua hayo. Lakini angemwambiaje mama mkwe, Bibi Aikaeli, kwamba mwanao ameacha kitu kinachowaka kikiguswa na maji? Tayari msibani kulikuwa na wanawake waliokuwa wananyamaza yeye akikaribia. Asubuhi ya kuosha, kabla wageni hawajafika, aliitoa chupa kabatini akaizika kwenye ndoo ya majivu, nyuma ya mafiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Pamela." Bibi Aikaeli alikuwa ameshafungua kabati. Alipitisha kidole kwenye mbao. "Hapa pana duara halina vumbi. Kilikaa nini?"

"Chupa tu, Mama."

"Iko wapi?"

"Ilivunjika."

Bibi alimtazama, akapangusa kidole kwenye khanga.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, watu mferejini wanasikika tu, hawaonekani. Hilaria alikuwa anaanika makoti ya marehemu na kujihesabia salama. Hakukumbuka kitu ambacho mwanamke yeyote wa huko angekumbuka: sufuria husuguliwa kwa majivu.

Pamela alitokea uani. "Mama, bibi ameokota ile chupa ya mawe ya baba kwenye ndoo ya majivu. Mafuta yake amejazia taa, anasema yasipotee. Mawe anakwenda kuyaosha."

Hilaria alikimbia. Alipofika ukingoni Bibi Aikaeli alikuwa ameshika bakuli kwa mikono miwili.

"Mama, usiweke majini. Nakuomba. Utakufa."

"Ulimficha," Bibi alisema taratibu, akainamisha bakuli.

Maji yakapiga kelele. Moto wa zambarau ukaruka juu yake, mmoja, kisha mingine, ikikimbizana na mkondo, ikipasuka na kurusha maji hadi kwenye majani ya migomba. Wanawake walikimbia wakaacha ndala. Moto wa mwisho ulikata kona ya mfereji, na ndani ya ukungu mwanga wake ukaonekana unakwenda, unakwenda, kwa urefu wa mtu anayetembea.

Bibi Aikaeli hakuwa amesogea. "Nenda, baba," alisema. "Nenda sasa."

Hilaria alimshika mkono akampandisha jikoni. Mikono yake mizima, macho mazima. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza. Ndipo Hilaria akanusa. Mafuta ya taa, na chini yake, nguo inayoanza kuungua.

"Mama, kiunoni umefunga nini?"

"Si chako."

"Khanga inatoa moshi."

Bibi alikaza kiganja juu ya fundo. Sauti yake ikawa ndogo. "Nimembakiza kidogo. Kadogo tu. Nikikupa utamtupa."

Kweli, miaka yote hiyo Hilaria alitamani kukitupa kitu hicho. Mfereji ulikuwa hatua chache tu chini, na kila mtu angesema amefanya vyema. Alitazama ule mkono wa kizee uliokuwa umefunika fundo, na moshi ukipita katikati ya vidole.

"Sitamtupa. Nipe, Mama, nimrudishe kwenye mafuta yake."

Bibi alifungua. Hilaria alikidaka kile kipande, kama harage, kwa kibanio cha mkaa, akang'oa mdomo wa ile taa ya kioo iliyokuwa mezani, imejaa, akakidondosha ndani. Kilizama polepole, kikatulia.

Taa hiyo iko kabatini hadi leo. Umeme ukikatika wanawasha simu, na Pamela akija hakubali kulala chumba chenye kabati hilo. Jumapili baada ya misa Bibi Aikaeli hupita, hupiga hodi kabatini, huvuta kigoda akaketi.

"Amekunywa?" huuliza.

Hilaria huinua taa kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia mafuta yamefika wapi, na kama ganda la njano limeanza.

"Amekunywa, Mama."